Mjomba Rombasi

Hosteli ya wauguzi, 14 Januari

Kaka yangu,

Shikamoo, na wifi umfikishie salamu zake zote, usizipunguze njiani. Mimi mzima, ila miguu ndiyo inayonilalamikia. Wodi ya watoto imejaa hadi kitanda kimoja kinalaza wawili, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na muuguzi mkuu anatupitia na saa yake kama refa. Chumba nilichopewa kina dirisha moja, nalo linatazama tangi la maji. Nimeshalizoea.

Binti yangu najua amekufikia salama, maana kondakta aliapa kwa mama yake mzazi kwamba atamshusha mlangoni kwako. Nyumbani tunamwita Shoto, utajua kwa nini ukimwona anaandika. Mkono wake wa kushoto unapita juu ya alichokwisha kuandika, kila karatasi yake inatoka na utando wa kijivu, na kiganja kinakuwa cheusi kama cha muuza mkaa. Walimu wa huku walimpunguzia alama za usafi mpaka akazoea. Wewe usimpunguzie, ni mpwa wako.

Sasa jambo lenyewe. Sekondari ya hapa haina mwalimu wa hesabu tangu mwaka juzi. Wanafunzi bado wananakili mchoro aliouacha ubaoni siku aliyoondoka. Ndiyo maana nimemleta kwako, wewe unayefundisha jiometri na unayejua alikotoka. Mwaka huu ni wake wa mwisho. Asipoandikishwa mtihani wa hesabu, chuo cha upimaji ardhi hatakiona, na tangu akiwa mdogo hajataja kazi nyingine. Orodha ya mtihani mnaipeleka mwezi wa tisa. Nimemkabidhi kwako, kaka, sikuikabidhi shule.

Uwe unanitumia kazi yake ya nyumbani moja moja niione. Sikukagui, nina hamu naye tu.

Mdogo wako


Nyumbani, 20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika imeloa chapachapa, nadhani siku hizi posta wanazifua kwanza. Sisi wazima. Wifi yako ni mzito, na daktari amesikiliza tumbo akasema humo ndani wamo wawili. Nilikaa chini bila kutafuta kiti. Uzee umenikuta na chaki mkononi, sasa na nepi nazo.

Shoto hajambo, anakula, analala, anasaidia akiambiwa. Tumeanza jiometri wiki ya pili: mistari sambamba, pembe mbadala, kisha tutaingia kwenye misambamba. Akili anayo, sikatai. Ila ana mdomo. Anauliza "kwa nini" kabla sijamaliza "nini". Na darasani ananiita Mjomba. Nimemwambia mara ngapi sijui: tukishavuka geti la shule, mimi ni Mwalimu. Anaitikia vizuri, halafu kesho yake, "Mjomba, sijaelewa." Wenzake wanakufa kwa kicheko. Mwandikie umkanye, labda wewe atakusikia.

Kazi za nyumbani nitakutumia zikipatikana. Darasa lina wanafunzi wengi kuliko madawati, kusahihisha tu kunanimaliza macho.

Kaka yako


Hosteli ya wauguzi, 2 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Wifi anaendeleaje? Mwambie alalie ubavu wa kushoto, na miguu ikianza kuvimba asingoje kesho. Huku tulipata surua, wodi nzima ikawa na madoa mekundu, na mimi nilitembea na mtoto wa mtu begani mpaka nikasahau kwamba si wangu. Sasa imetulia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili, maana ndiyo pekee niliyonayo. Shoto hajaniandikia hata mstari mmoja tangu aondoke. Nilimwandikia kumkanya kama ulivyotaka, hakujibu. Huyo mtoto nilimfungia stempu kwenye leso, na si mtu wa kununa kimya kimya. Akinuna hutangaza.

Nijibu maswali mawili tu. Mmefika zoezi gani? Na kazi zake ziko wapi? Hata iliyokosewa nitumie.

Mdogo wako


Nyumbani, 25 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Usinilaumu kwa kuchelewa, mpaka ukisikia habari yenyewe. Wamezaliwa! Wa kiume wote wawili, wazima, na sauti zao zinasikika mpaka barabarani. Tunawaita Mkubwa na Mdogo kwa sasa, maana wifi yako na mama yake hawajakubaliana majina na mimi sina kura. Huyu akilala yule anaamka. Nimekwenda kazini na viatu vya jozi mbili tofauti na hakuna aliyeniambia hadi jioni.

Shoto yupo, anasaidia kidogo. Mambo ya shule yanaendelea. Uliomba kazi ya nyumbani, nimekuambatishia moja ya msambamba. Nimempa themanini na nane. Kosa ni moja tu, la kitoto, katika swali la mwisho. Usimwandikie juu ya kosa hilo, atavunjika moyo, na sasa hivi namhitaji akiwa na moyo mzima.

Pokea salamu za mapacha, ingawa wao hawajui bado kwamba upo.

Kaka yako


Hosteli ya wauguzi, 11 Juni

Kaka,

Hongera tena na tena kwa mapacha. Nilipowaambia wenzangu wodini walinibeba juu juu kama niliyezaa mimi. Wifi apumzike, asiinue ndoo, na vitovu vioshwe kwa maji yaliyochemka yakapoa, dawa za majirani zibaki kwa majirani. Haya nayasema kwa moyo mweupe, uyatenge na yanayofuata.

Karatasi nimeipata. Nimeiweka mezani nikaitazama, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mwandiko unafanana na wake, ila karatasi ni nyeupe pee. Mwanangu hajatoa karatasi safi tangu ajue kushika penseli. Nikasema nisiwe na haraka ya kuwaza mabaya, labda umemfundisha kuweka karatasi nyingine chini ya kiganja.

Halafu nikaisoma. Msambamba ABCD, pembe A ni nyuzi sabini, ulalo ni AC, kutoka kona hadi kona, pembe ACB ni nyuzi arobaini na tano. Wanataka pembe CAB. Jibu lililoandikwa ni thelathini na tano, "kwa sababu ulalo hugawa pembe ya msambamba sawasawa". Hilo ndilo kosa lako la kitoto. La kitoto kweli, ila mimi namjua huyo mtoto.

Unaikumbuka meza ya jikoni kwetu? Wewe upande huu, mimi upande ule, tukiwa darasa moja, Baba katikati akitengeneza redio za watu. Uliandika sentensi hiyo hiyo, neno kwa neno. Nikakwambia ulalo hugawa pembe sawasawa kwenye rombasi tu, kwa kuwa pande zake zote ni sawa, msambamba wa kawaida haukupi ruhusa hiyo. Ukanipiga teke chini ya meza. Baba akasema msichana hamsahihishi kaka yake mbele ya watu, na watu wenyewe walikuwa yeye na redio. Nilifuta jibu langu sahihi, nikaandika lako. Tukakosa wote wawili.

Kwa hiyo ulipotafuta kosa la kumpa mwanangu, ili karatasi ifanane na ya mtoto, ulitia mkono kwenye mfuko wako ukatoa la kwako. Shoto hawezi kukosa hapo. Hilo nilimfundisha mwenyewe kabla hajajua kuchana nywele zake, kwa sababu ya teke lile.

Njia ya mwongo ni fupi, kaka. Mwanangu yuko wapi saa ya somo lako?

Mdogo wako


Nyumbani, 19 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Mapacha wanakua. Wifi yako bado mnyonge, mgongo unamsumbua. Mimi nipo, nashukuru kwa kuniuliza, ingawa hukuniuliza.

Umeniita mwongo. Haya, sasa sikiliza na upande wa pili. Siku ile ya mwezi wa Machi nilikuwa sijapata usingizi, wifi yako alikuwa na maumivu usiku kucha. Nikaingia darasani, nikaandika ile sentensi ubaoni. Mtu huteleza. Mwanao hakunyoosha mkono. Alisimama tu, akasema, "Mjomba, hiyo ni kweli kwa rombasi tu." Mjomba! Darasa zima likapasuka. Kabla ya mapumziko nilikuwa nimeshabatizwa. Mjomba Rombasi. Wameliandika vyooni, wameliandika kwenye mlango wa stoo, wanaliimba wakifagia. Juzi mlinzi wa getini, mtu mzima mwenye wajukuu, kaniambia "Karibu Mjomba Ro—" akajitia kikohozi. Miaka yote niliyosimama ubaoni imefutwa kwa neno moja, na aliyelifuta anakula mezani kwangu.

Nilimwambia aombe radhi mbele ya darasa. Sikumwambia aseme nilikuwa sahihi, aombe radhi tu. Akaniuliza, "Radhi ya nini?" Nikamwambia basi akae nje mpaka ajue ni ya nini. Hajajua mpaka leo. Na hawezi kushinda nyumbani amekunja mikono wakati wifi yako ana wawili wa kunyonyesha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anafua, anapika, anabeba watoto, na hajafa.

Ile karatasi niliiandika kwa kukuonea huruma. Ulitaka karatasi, ukapata karatasi.

Akiomba radhi tutaona habari ya orodha. Wewe uko mbali, hujui inavyokuwa kuchekwa kila asubuhi mahali pako pa kazi.

Kaka yako


Hosteli ya wauguzi, 30 Agosti

Kaka,

Shikamoo, maana tulilelewa.

Nilikuja, kama nilivyotuma neno. Ukaacha ujumbe kwamba una kikao cha walimu cha kutwa nzima. Nikapita shuleni nikusalimie, mlinzi wa getini akaniambia shule imefungwa na walimu wote wako likizo. Ni mtu mwenye adabu sana yule mlinzi. Alitazama pembeni.

Shoto nilimkuta uani, Mdogo mgongoni, Mkubwa amelazwa kwenye beseni kavu, kamba imejaa nepi. Kwenye sakafu ya saruji alikuwa amechora kwa chaki msambamba mkubwa na ulalo wake. Nepi zilikuwa zinadondosha maji juu ya mchoro, na kila kona ilipofutika alikuwa anairudia. Amekonda. Aliponiona hakukimbia kuja, alimaliza kwanza kuandika pembe. Wifi alilia. Wewe ulimwambia shule imemwondoa mtoto kwa utovu wa nidhamu, na yeye akaamini, angefanya nini? Simlaumu. Barua tatu alizokupa Shoto uniwekee posta sikuuliza ziko wapi, na usiniambie.

Nimemchukua. Yuko hapa chumbani kwangu, analala upande wa tangi.

Mkuu wa shule nilimkuta ofisini peke yake. Amesema hivi: kitanda cha bweni kipo muhula wa mwisho, na jina la Shoto litaingia kwenye orodha ya mtihani wa hesabu endapo mwalimu wake wa jiometri atatia saini kwamba anaimudu. Hataki maelezo, hataki sababu. Anataka saini yako tu. Fomu ameiweka mezani kwako. Orodha inafungwa tarehe thelathini Septemba. Chuo cha upimaji hakipokei aliyetimiza miaka kumi na tisa kabla ya kufanya mtihani, naye anatimiza Februari. Akikosa mwaka huu, amekosa moja kwa moja.

Nilimuuliza kama anaweza kukuomba radhi. Nilijua ninachomuuliza, nilishaulizwa hivyo hivyo kwenye ile meza. Akasema, "Mama, kwa kumwita Mjomba darasani nitaomba. Alinikanya nikasahau, hapo nilikosa. Kwa rombasi siombi." Radhi yake ameiandika nyuma ya karatasi hii, isome. Imeandikwa kwa adabu kuliko ningeweza mimi.

Na ile kazi uliyoifanya kwa jina lake nakurudishia. Ameisahihisha. AD na BC ni sambamba, kwa hiyo pembe DAC ni mbadala wa ACB, nyuzi arobaini na tano, na kwenye sabini zinabaki ishirini na tano. Utaona utando wa kijivu kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Hivyo ndivyo karatasi yake inavyokuwa. Ulimkaribisha nyumbani kwako miezi saba bila kuiona.

Kosa alilokusahihisha mbele ya darasa uliliandika kwa jina lake, ukampunguzia alama. Hilo ndilo linalonichoma kuliko nepi zote. Lakini nitalimeza. Ukitoa kumpokea Shoto, sijawahi kukuomba kitu tangu ile meza, kaka. Leo nakuomba saini.

Mdogo wako


Nyumbani, 4 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mvua zimeanza huku. Bati linavuja upande wa jikoni, na fundi ananizungusha, kila siku anakuja kesho. Mapacha wanajitahidi kukaa, wakiegemezwa mto. Mkubwa akinyooshewa kitu hutanguliza mkono wa kushoto. Wifi yako anacheka.

Fomu niliiona. Wiki ya kwanza tulikuwa na mitihani ya majaribio. Ya pili nilishikwa na mafua. Baada ya hapo nilikaa nayo mezani kila siku, kalamu mkononi, na kila nilipotaka kuandika kuna mtoto alipita dirishani akicheka. Labda walikuwa hawanicheki mimi. Orodha imeshaondoka. Mkuu wa shule hajanisemesha tangu Jumatatu, nadhani umefurahi. Mngenipa muda zaidi, au yule mtoto angeleta radhi yake mwenyewe mkono kwa mkono, mambo yangekuwa mengine.

Kuhusu karatasi aliyoisahihisha. Nyuzi ishirini na tano. Nimeirudia mara kadhaa na yuko sahihi. Alikuwa sahihi tangu siku ile, na nililijua kabla hajakaa chini. Haya nakuandikia wewe kwa kuwa ni ndugu yangu wa damu. Tafadhali usimsomee.

Kaka yako


Hosteli ya wauguzi, 17 Oktoba

Nimemsomea.

Tulikuwa jikoni kwa wauguzi, wenzangu wanne wamekaa, yeye anakunja mashuka. Nilisoma kwa sauti kuanzia mvua, sikuruka hata bati lako. Hakuna aliyecheka, kwa hiyo ulikuwa unaogopa bure. Nilipomaliza Shoto aliuliza kitu kimoja tu: "Ameandika tarehe ngapi?" Nikamwambia tarehe nne. Akahesabu nyuma kichwani mpaka thelathini Septemba, nikamwona, kisha akachukua shuka jingine akaendelea kukunja. Kesho anaanza kazi ya usafi wodini kwetu. Wamesema atazoea.

Wifi msalimie. Mapacha nawaombea afya. Huyo anayetanguliza mkono wa kushoto, siku atakapokusahihisha, kwake utakuwa baba, si mjomba, na hapo ndipo kwao. Sijui utamtoa nje aende wapi.